Posa na Nguruwe wa Maji

Kazi yangu ni tukufu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani naona haya. Kila asubuhi naondoka Arlington, huku Texas, naendesha gari hadi nje ya Fort Worth, kwenye shamba lenye uzio mrefu na bwawa la saruji, na huko naokota kinyesi. Si kinyesi hiki cha ovyo ovyo. Hiki ni kinyesi cha kisayansi. Nakitia mfukoni, nauandika mfuko namba ya mnyama, nauweka kwenye barafu, na watu waliosoma mpaka macho yakaingia ndani wanaupokea kwa mikono miwili, kama halua ya sikukuu.

Mwenye kinyesi ni kapibara. Kama humjui, mfikirie mbuzi aliyeshiba, mnyoe ndevu, mkate masikio yabaki madogo, kisha mpe uso wa karani aliyebakisha wiki moja astaafu. Kwao ni Amerika ya Kusini, kwenye mabwawa na kingo za mito. Siku hizi dunia nzima inampenda kupitia simu, na yeye hana habari. Ukimwambia ana mashabiki mamilioni, atafumba macho na kuzama majini.

Mimi sikusoma sana. Sekondari nilimaliza kwa neema ya Mungu na huruma ya walimu. Chuo tulijaribiana muhula mmoja, tukaachana kwa amani. Kazi hii nilipewa na Daktari, mwanamke mrefu anayetibu wanyama na ndiye mkuu wa utafiti pale, kwa sababu siku ya usaili nilimuuliza kama wanyama wake huwa na huzuni. Akasema wote waliotangulia waliuliza habari ya likizo. Likizo nilikuwa nimepanga kuiuliza baadaye. Sikumwambia.

Nimejifunza mengi pale, na yote nimeyapenda kuliko inavyofaa. Mwili wa kapibara hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawa na wangu na wako. Akikosa majani mabichi, fizi zinavimba, viungo vinauma, anakaa chini kama mtu aliyesusa karamu. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo asipotafuna nyasi ngumu yatamziba kinywa. Ngozi yake ikikosa maji inapasuka. Na nyasi anazokula ni ngumu hivi kwamba hazikubali kusagika safari moja, basi asubuhi mapema, kabla wazungu hawajafika na kamera, anakula tena kile kilicholainika na kutoka. Daktari ana neno refu la jambo hilo. Mimi naliita kiporo.

Kulikuwa na jike mmoja aliyeletwa kutoka kwa watu waliomfuga ndani ya nyumba, wakimlisha mkate na vile vyakula vya asubuhi vya watoto, kwa upendo mwingi na akili kidogo. Alifika hawezi kusimama. Daktari alimpima damu, akapiga picha meno na magoti, akasema ni ukosefu wa vitamini C, tuone mwili utarudi kwa kasi gani. Wenzangu waliandika namba. Mimi nilikaa naye sakafuni nikimlisha pilipili hoho kipande kwa kipande, nikimwimbia. Hakuonyesha kuupenda wimbo. Alipokuja kusimama siku moja akaingia bwawani mwenyewe, nililia mbele ya wanasayansi, wakanipa karatasi ya kupangusia vioo.

Sasa, kosa langu.

Mama aliponiuliza mnyama gani huyo, sikuwa na jina. Kiswahili chetu hakijapata shida ya kumwita kapibara chochote, na hakina lawama, hawakuwahi kukutana. Nikamuuliza Daktari lile jina lake la kitaalamu maana yake nini. Akasema ni la Kigiriki, maana yake nguruwe wa maji. Nikaona limekaa vizuri, lina ushairi ndani yake. Nikachukua simu, nikarekodi sauti, nikaituma kwenye kundi la ukoo lenye watu wa Mombasa, Lamu, Unguja na Texas yote: "Jamani niombeeni dua, nimepata kazi ya kulea nguruwe wa maji!"

Dua nilizopata si zile nilizoziomba.

Jioni ile nilimkuta Mama mlangoni na ndoo. Madhehebu yetu yanasema aliyeguswa na nguruwe ajioshe mara saba, mara moja kwa udongo. Mama amefanya kazi katika nyumba za wazee wagonjwa tangu kabla sijazaliwa, na kwa usafi hana mzaha.

"Mama, si nguruwe. Ni jina tu."

"Na wewe jina lako tu. Toa mikono."

Tatizo lilikuwa udongo. Tunaishi ghorofa ya pili, na chini kote ni lami. Mama akawa amenunua mfuko wa udongo wa maua dukani. Nikajisugua mpaka kwenye viwiko. Baadaye ndipo nikasoma nyuma ya mfuko: umechanganywa na samadi bora ya ng'ombe. Basi nilitoka kazini mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni ya hospitali, nikaingia nyumbani nikapakwa mavi ili nitakasike. Na hiyo ikawa ndiyo kawaida ya nyumba, kila jioni.

Yote hayo ningeyavumilia kwa furaha, maana mimi ni mtu wa furaha. Ila kulikuwa na msichana Houston.

Familia yake ni ya Unguja. Zamani walikaa jengo moja na sisi hapa Arlington, kabla hawajahamia Houston kufungua duka la vitambaa. Tulikutana tena ukubwani kwenye harusi ya watu wengine, akanicheka namna nilivyokuwa nikila biriani, na tangu hapo sikupona. Yeye anafanya kazi ya kupanga dawa kwenye duka la dawa. Nilikuwa nimekwisha mpangia maisha yetu yote: nyumba ndogo yenye bwawa nyuma, kapibara wawili, watoto wanne, mimi nikihojiwa na televisheni kama Mswahili wa kwanza bingwa wa kapibara. Alisema watoto wanne ni wengi. Kuhusu kapibara hakupinga.

Posa ilikuwa imekwisha pangwa. Siku chache kabla ya safari akanipigia simu.

"Ile sauti yako imefika huku. Bibi ameisikia."

"Yote?"

"Alivaa miwani kuisikiliza. Amesema mjukuu wake haolewi na mchunga nguruwe. Baba hajasema kitu, lakini Baba huwa hasemi kitu, anasubiri Bibi aseme. Tafadhali, ukija huku, ongea kidogo."

Kuniambia mimi niongee kidogo ni kumwambia kapibara aruke.

Tulitoka Jumamosi asubuhi. Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyeendesha. Anaendesha malori, basi hata gari dogo analizungusha kana kwamba lina mkia nyuma. Mama alikaa mbele na sinia la halua mapajani, akinipa mafunzo njia nzima.

"Ukiulizwa kazi, sema unafanya utafiti."

"Wakiuliza utafiti wa nini?"

"Utafiti hauulizwi ni wa nini, mwanangu. Ndiyo raha yake."

Tukapokewa vizuri. Udi ulifukizwa, kahawa ikaja, visheti vikaja. Msichana mwenyewe alikuwa jikoni, kama desturi inavyotaka, asiwepo pale panapozungumzwa maisha yake. Baba yake alikaa kimya. Mama yake alimkumbatia Mama kwa zile kelele za wanawake waliowahi kuwa majirani. Na katikati ya kochi kubwa, mdogo kama kasha la mapambo, alikaa Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unachunga nguruwe."

"Hapana, Bibi. Anafanya utafiti," akasema Mama.

"Wa nguruwe?"

"Si nguruwe, Bibi," nikasema mimi. "Ni jina tu la Kigiriki."

"Ni nini basi?"

Mama alikohoa. Mjomba alichungulia ndani ya kikombe kama aliyeona mtu anayemfahamu humo. Lakini mimi nililelewa nisiseme uongo mbele ya watu wazima.

"Ni panya, Bibi."

Bibi akatua kikombe.

"Panya."

"Jamii ya panya. Mkubwa kuliko wote duniani."

"Mkubwa kiasi gani?"

Nikainuka, nikaonyesha kwa mkono, juu kidogo ya goti, kisha kwa uaminifu nikaonyesha na urefu, kuanzia meza mpaka kwenye kochi. Bibi akautazama umbali ule. Akamgeukia mwanawe.

"Mimi naona turudi kwa nguruwe."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaona hawamchukii kapibara, hawajamjua tu. Nikawaelezea vitamini C. Nikawaelezea meno. Nilipofika kwenye chakula cha asubuhi simu yangu ikatetemeka, lakini si adabu kutazama simu mbele ya wakwe.

"Anakula chake mwenyewe?" akauliza Bibi.

"Kile laini tu, Bibi. Cha alfajiri."

Baba wa msichana akakirudisha kisheti sahanini, taratibu. Nikaiibia simu jicho. Ujumbe ulitoka jikoni: *Usiseme habari ya kinyesi.*

Nikaona posa yangu inazama. Nikatafuta jambo moja jema, la mwisho, la kuwaokoa wanyama wale na mimi pamoja nao, na nikalipata lile ninalolipenda kuliko yote.

"Lakini wana huruma, Bibi. Katika kundi lao mtoto akiwa na njaa, ananyonya kwa mama yeyote aliye karibu. Hafukuzwi. Nimeona kwa macho yangu, mama mmoja kalala, watoto wa wenzake wamejipanga."

Uso wa Bibi ukabadilika. Nikadhani nimemgusa moyo.

"Kwa mama yeyote?"

"Yeyote."

"Basi hao wote ni ndugu wa kunyonya. Wanaoana vipi?"

Nikasema Daktari bado hajafika kwenye hilo. Lakini Bibi alikuwa hanisikilizi tena. Alikuwa akimtazama Mama, kisha mkwewe, mama wa msichana, kisha Mama tena, kama mtu anayepima nguo mbili za rangi moja.

"Nyinyi wawili," akasema. "Si mlikaa jengo moja huko Arlington, mkiachiana watoto?"

 Jikoni sufuria ziliacha kulia. Kila mtu pale alijua sheria: mtoto aliyenyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba ni mwanawe, na mabinti wa mwanamke huyo ni dada zake, ni haramu kwake maisha. Na mimi, mwana wa mama mfanya kazi za zamu, niliachwa kwa majirani kama mwavuli.

Mama alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa namwachia na chupa."

"Chupa huisha," akasema Bibi. Akamgeukia mkwewe. "Wewe. Ulimnyonyesha huyu?"

Mama wa msichana akalikunja pindo la kanga yake. Kipindi kile kifupi nililiona bwawa la nyuma ya nyumba likikauka, kapibara wawili wakitolewa kwenye lori, watoto wanne wakifuta majina yao. Sikuwa na mzaha wowote mdomoni, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

"Kuna ile barafu," akasema mwishowe.

Kila aliyekaa huku kwetu, karibu na Dallas, anazijua barafu hizo. Mvua inanyesha, inaganda barabarani, na mji mzima wa watu wenye magari makubwa unajifungia ndani kama kuku. Mama alikumbuka. Alikuwa zamu katika nyumba ya wazee, wa kumpokea hawakuweza kufika, akakwama huko mpaka barabara zikafunguka, na mimi nilikuwa kwa jirani, bado mchanga.

"Kopo la maziwa likaisha," mama wa msichana akaendelea, akinigeukia mimi. "Duka halifikiki. Mimi wangu nilikuwa nimeshamwachisha zamani, maziwa yamekauka, ningekupa nini? Ukalia mpaka ukabadilika rangi. Nikakufunga kwenye blanketi, nikashuka ngazi kwa matako maana zilikuwa barafu tupu, nikakupeleka kwa yule mama Mkongo wa ghorofa ya chini. Yeye alikuwa na mchanga wake. Ndiye aliyekunyonyesha."

Mama akaweka mkono kifuani. "Hukuniambia."

"Nilidhani amekuambia yeye."

"Nakutana naye kila mara duka la vyakula vya kwetu. Tunajuliana hali! Hajaniambia!"

"Basi apigiwe," akasema Bibi.

Mama akampigia, akaweka sauti ya juu. Nyuma yake kulisikika mikanda ya ghala ikinguruma. Mama Mkongo siku hizi anakaa na kufanya kazi Mesquite, kupanga mizigo.

"Dada! Uko muzima?"

"Mzima. Dada, nikuulize. Ule mwaka wa barafu, wewe ulimnyonyesha mwanangu?"

"Eeh, njo mimi. Kuko nini?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mutoto alikuwa na njaa, nilikuwa na maziwa. Ungetaka nimupe mukate?"

Bibi akaivuta simu. "Mwanangu, ulimpa mara ngapi?"

"Ni nani huyu? Shikamoo, mama. Sikuhesabu. Mutoto hahesabiwake titi. Alikuwa anakula na kuuma, anakula na kuuma, mupaka barafu inaisha."

"Hakuhesabu," Bibi akatutangazia, kana kwamba hatukusikia. "Barafu nzima. Basi tano zimepita. Una mabinti?"

"Watatu."

Bibi akaninyooshea kidole. "Hao watatu usiwaoe."

Nikaahidi hapo hapo. Mama Mkongo akauliza kwani kumetokea nini, nani amekufa. Mama akamwambia ni posa, na kwamba mambo yalianza kwa yule panya ninayemlea. Akamweleza alivyo. Simu ikacheka kwa muda mrefu.

"Panya gani? Hiyo ni simbilisi! Simbilisi ya mayi! Kwetu Kivu tunafuga ndogo zake jikoni. Nyama yake iko tamu sana."

Kwa hiyo neno lilikuwepo. Nusu saa kutoka nyumbani kwetu alikaa mtu mwenye neno safi, lisilo na najisi wala Ugiriki, na mimi nilikuwa najipaka samadi. Mama aliniangalia. Sikumwangalia.

Nilidhani sasa tutajibiwa. Mjomba alishaanza kupangusa mikono tayari kuomba dua. Bibi akatikisa kichwa.

"Posa hii ina upungufu. Mtoto ana mama wawili, amekuja na mmoja. Nendeni mkamlete mwenzie, ndipo tutazungumza."

"Mama," akasema baba wa msichana, na hilo ndilo neno la kwanza nililomsikia akitamka, "yule si Muislamu."

"Kwani nimesema nitamuoza yeye?"

Tukarudi kaskazini na sinia tupu. Tukapita nusu ya njia. Kisha Mama akasema, bila kugeuka, kwamba zamu ile alilia chooni kwa sababu nguo yake ya kifua ilikuwa imelowa maziwa, na mimi niko mbali, na alikuwa akijiuliza nakula nini. Mjomba akapunguza mwendo, ingawa hapakuwa na sababu.

Hatukupita nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja Mesquite, tukamkuta Mama Mkongo ndiyo kwanza ametoka kazini, viatu vya kazi bado miguuni. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Njo huyu? Aliyekuwa ananiuma?" Akapaza sauti ndani. "Mukuje muone kaka yenu!"

Mabinti wakatoka, wakanitazama kwa makini, wakajibu kwa Kiingereza, wakarudi kwenye simu zao. Ndugu kabisa. Mama alibaki kizingitini, hajui aanze wapi.

"Dada, unasimama kama polisi. Ingia."

Aliposikia anatakiwa Houston, akakaa kuvua viatu. Akasema yeye ni mtu wa kanisa, atakaa vipi kati ya watu wale, na Jumamosi ana zamu. Halafu akauliza msichana mwenyewe ana sura gani. Nikamwonyesha picha. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kuanzia kichwani mpaka chini.

"Nitaomba ruhusa," akasema.

Mara ya pili tulikwenda gari limejaa. Mama Mkongo alivaa kitenge cha manjano kilichochukua kiti na nusu, na kilemba kilichogusa dari. Alipoingia sebuleni Bibi alijisogeza kwenye kochi, akapiga pale pembeni yake kwa kiganja, na mama yangu wa pili akakaa hapo, si kwenye viti vya wageni. Wakaulizana hali. Kila mmoja aliamini kuwa mwenzake Kiswahili kinampa taabu, na kila mmoja akamwonea huruma mwenzake na kuongea polepole zaidi.

"Haya, niambie wewe," akasema Bibi. "Huyu mama yake atamsifu, huyu mjomba wake atamsifu. Wewe uliyemlea bila faida, kijana huyu ana tabia gani?"

 Mama Mkongo alinijua siku za barafu tu, na tangu hapo kwa salamu za mama yangu dukani.

Mama Mkongo akarekebisha kilemba chake.

"Akiwa na njaa analia," akasema. "Ukimupa chakula, ananyamaza. Ukimushika vizuri, analala."

Bibi akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayeninunua na si anayenirudisha.

"Basi ni mwanamume kama wengine," akasema. "Wajibuni watu, wana safari ndefu."

Baba wa msichana akasafisha koo, akafungua mdomo aseme kuwa wamekubali. Mjomba hakumngoja. Alishaanza Al-Fatiha.